Tukifika Dar es Salaam, Tule Wapi?

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima



 

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya tumbo. Msicheke. Mtu akiwa nyumbani kwake halifikirii sana tumbo lake. Jiko lipo, unga upo, mboga iko nyuma ya nyumba. Lakini akisafiri, jambo hilo dogo huwa kubwa. Na siku hizi wengi wetu tunasafiri. Wengine tunapeleka mchele au maharage sokoni Tandale. Wengine tunashuka kituo cha mabasi cha Mbezi au Mbagala Rangi Tatu, twende kuwaona watoto wetu. Wengine, kwa bahati mbaya, tunampeleka mgonjwa hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, na tunakaa huko siku nyingi kuliko tulivyopanga.

Sasa, tukifika huko, tunakula wapi? Tumewauliza watu wengi swali hilo, na tumepata majibu ya namna mbili. Wa kwanza husema: "Mimi nilishinda na soda na biskuti, maana niliogopa bei." Wa pili husema: "Mimi nilikula popote tu, nikaumwa tumbo siku tatu." Majibu yote mawili yanasikitisha. Huyu amekaa na njaa na huku hela zimekwisha. Yule ameshiba, lakini amepata ugonjwa.

Sisi tunasema iko njia ya tatu. Mtu anaweza kula chakula kizuri, cha moto, cha kushiba, kwa bei ndogo, tena akala kwa furaha. Njia hiyo ni kwa mama ntilie. Basi tuizungumze njia hiyo, hatua kwa hatua.

Mama ntilie ni nani?

Jina lenyewe linajieleza. Mfanyakazi mwenye njaa anafika na sahani mkononi, anasema, "Mama, nitilie." Yaani nipakulie, niwekee chakula. Neno hilo limesemwa mara nyingi mpaka limekuwa jina la kazi. Siku hizi wengi husema mama lishe, kwa kuwa ni jina la heshima zaidi, na wanaume wanaofanya kazi hiyo huitwa baba lishe. Majina yote mawili mtayasikia mjini.

Kazi hii ina historia yake. Baada ya Uhuru viwanda vilijengwa Dar es Salaam, kama kile cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968. Wafanyakazi walikaa mbali na kazi zao. Saa sita mchana hawakuweza kurudi nyumbani kula. Kisha, katika miaka ya 1970 mwishoni na miaka ya 1980, bei za vitu zilipanda sana, na mshahara wa mtu mmoja haukutosha tena kulisha nyumba. Akina mama wakabeba masufuria yao wakaenda kupika karibu na milango ya viwanda, karibu na masoko na mahali pa ujenzi.

Hawakupata raha. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Watu ambao kazi zao hazikutambuliwa walikamatwa mijini na kurudishwa vijijini, na wauza chakula nao walipata misukosuko. Baadaye mambo yalilegea kidogo kidogo. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na akina mama ntilie walikuwa miongoni mwa waliovichukua.

Na kwa nini hawakuisha? Kwa sababu mji unawahitaji. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Ni zaidi ya mara sita. Watu hao wengi hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Lazima mtu awapikie.

Tunakula nini huko?

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Ukiwa Temeke mtu akakuambia, "Twende hotelini tukale," usidhani anakupeleka mahali pa kulala. Huko mitaani hoteli ni chumba kidogo chenye meza na mabenchi, na jiko nyuma. Mahali pengine ni kibanda tu cha mabati au turubai, na pengine ni mwembe wenye kivuli kizuri. Usihukumu kwa kuta. Chakula hakikai ukutani, kinakaa sufuriani.

Asubuhi, tangu saa kumi na mbili, Tandika na Mbagala utaona moshi wa maandazi na vitumbua. Kuna chai ya rangi yenye tangawizi. Kuna chapati, na maharage ya kuchovea. Kuna mihogo na viazi. Anayetaka kitu kizito huagiza supu ya nyama au ya utumbo, akakamulia ndimu, akatia na pilipili kidogo. Wapakia mizigo wengi hupenda supu hiyo, kwa sababu wanajua kazi iliyo mbele yao.

Mchana ndio wakati wenyewe. Kuna wali, na maharage yaliyoungwa kwa nazi. Kuna ugali na dagaa, au ugali na samaki wa kukaanga. Kuna ndizi na nyama. Kuna mchicha, matembele, kisamvu. Kando huwekwa kachumbari ya nyanya na vitunguu, na pengine kipande cha tikiti au ndizi mbivu. Tulipokwenda Mwananyamala na wahitimu wetu wa kisomo, mama mmoja wa kikundi alionja maharage ya nazi, akanyamaza kidogo, akasema, "Haya yamepikwa na mtu asiye na haraka." Hiyo ni sifa kubwa. Wapishi waliisikia, wakafurahi, wakamwongezea mchuzi.

Jioni mji hubadilika. Taa zinawashwa, mishikaki inachomwa, chipsi zinakaangwa. Yupo anayeuza supu ya pweza kwa vikombe, na yupo mwenye birika la kahawa na kashata. Watu hukaa hapo wakizungumza habari za Simba na Yanga mpaka usiku. Mgeni akikaa nao nusu saa tu huacha kuwa mgeni.

Tusione haya kusema kwamba kula ni furaha. Kula peke yako chumbani, ukiwa umeshika pakiti ya biskuti, ni kuziba njaa. Kula kwenye benchi, sahani ina moshi, huyu anakupa chumvi na yule anakuuliza unatoka wapi, huko ndiko kula. Mtu mwenye mgonjwa wodini anahitaji hata dakika hizo kumi. Tumewaona watu wa namna hiyo pale nje ya hospitali. Wanakuja wamekunja uso, na wakimaliza kula wanainuka wakiwa na nguvu ya kurudi ndani.

Soma ubao kabla ya kukaa

Sasa sikilizeni, ndugu wahitimu. Hapa ndipo kisomo chenu kinapofanya kazi. Hoteli nyingi zina ubao mlangoni, umeandikwa kwa chaki. Ubao mmoja tuliousoma Mwananyamala uliandikwa hivi:

Wali maharage 2,000
Ugali dagaa 2,000
Wali nyama 3,000
Ugali samaki 3,500
Chapati 500
Chai 300
Kukopa kesho

Mzee mmoja wa kikundi chetu aliusoma ubao huo mwenyewe, herufi kwa herufi, kidole kikiwa hewani. Alipofika mstari wa mwisho alimwuliza binti aliyekuwa akipakua, "Mwanangu, hapa mmeandika kukopa kesho. Basi kesho nije nikope?" Binti akajibu, "Shikamoo mzee. Njoo tu, lakini ukija utausoma ubao tena." Mzee akafikiri kidogo, kisha akacheka sana. Kesho akija, ubao utasema kesho. Mzee huyo alituambia kwamba amekuja mjini mara nyingi katika maisha yake, lakini siku ile ndiyo ya kwanza ubao kumtania.

Mahali pengine hapana ubao. Basi uliza kabla ya kupakuliwa: "Mama, naomba kujua, wali maharage shilingi ngapi?" Hakuna aibu kuuliza bei. Aibu ni kugombana baada ya kula. Tena uliza kama mboga za majani zimo katika bei hiyo, au zinalipiwa mbali. Mahali pengi zimo, ila asiyeuliza pengine hapewi.

Tufanye hesabu pamoja. Chukueni kalamu. Mtu anakaa Dar es Salaam kwa siku moja:

Asubuhi: chai 300 na chapati 2 kwa 1,000. Jumla 1,300.
Mchana: wali maharage na mchicha. Jumla 2,000.
Jioni: ugali dagaa. Jumla 2,000.

Kwa siku nzima ni shilingi 5,300. Kwa siku 5 ni shilingi 26,500.

Sasa mwenzetu yule wa soda na biskuti. Soda aliyonunua ilikuwa shilingi 700 na biskuti shilingi 500. Mara moja ni shilingi 1,200. Alifanya hivyo mara nne kwa siku, maana njaa ilimrudia kila baada ya muda mfupi. Hiyo ni shilingi 4,800. Akapungukiwa na shilingi 500 tu kufikia hesabu ya yule aliyeshiba. Je, alipata faida gani? Alilala na njaa kwa faida ya shilingi 500.

Bei hizi ni za ubao ule na duka lile. Bei hutofautiana kwa mtaa na kwa msimu. Lakini namna ya kupiga hesabu haibadiliki. Jua una siku ngapi mjini, jua sahani ni bei gani, zidisha, kisha weka fedha hiyo mbali na fedha ya nauli.

Je, ni chakula bora?

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajifunza kwamba mwili hauhitaji kushiba tu. Unahitaji chakula cha kutia nguvu, chakula cha kujenga mwili, na chakula cha kuulinda mwili na magonjwa.

Angalieni sasa ile sahani ya wali, maharage na mchicha. Wali unatia nguvu. Maharage yanajenga mwili. Mchicha na kachumbari vinaulinda. Yote matatu yamo katika sahani moja ya shilingi 2,000. Ugali, dagaa na matembele ni hivyo hivyo. Kwa hiyo asiye na hela ya nyama asijione ameonewa. Maharage na dagaa hujenga mwili vizuri kabisa.

Chipsi ni tamu, hatukatai. Lakini chipsi kila siku ni mafuta mengi na mboga kidogo. Kula siku moja kwa kujifurahisha, kesho yake rudi kwenye maharage.

Angalia mambo matano

Sasa tuzungumze juu ya usafi, maana hapa hapana mzaha. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Kinondoni, kikaenea mikoa mingi ya nchi yetu, na watu walikufa. Kipindupindu huingia kwa mdomo, kwa maji na chakula chenye uchafu wa choo. Kwa hiyo, kabla ya kukaa, angalia mambo matano.

Kwanza, angalia kama chakula ni cha moto. Kiwe kinatoka jikoni, kinatoa moshi. Chakula kilichopoa tangu asubuhi kiache, hata kama kinapendeza.

Pili, angalia maji ya kunawa. Yawe yanatiririka kutoka kwenye ndoo yenye bomba au kumiminwa kwa jagi, na sabuni iwepo. Beseni moja ambalo watu kumi wamenawia si kunawa. Ni kugawana uchafu.

Tatu, angalia vyombo vinaoshwaje. Yafaa vioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji mengine safi. Kama maji ya kusuuzia yamekuwa meusi, nenda zako.

Nne, angalia inzi na mahali penyewe. Chakula kiwe kimefunikwa. Choo na jalala viwe mbali.

Tano, angalia watu wanaokula. Mahali penye wateja wengi chakula hakilali. Ukiona wapakia mizigo, madereva na makondakta wamejazana, jua kwamba sufuria ya hapo inaisha mapema na kesho itapikwa nyingine.

Na kachumbari je? Kachumbari haipikwi. Ile kama umeuona usafi wa mahali hapo. Maji ya kunywa nayo yawe yamechemshwa, au ya chupa iliyofungwa. Ukiwa na shaka, kunywa chai.

Wauza chakula wanatakiwa kupimwa afya zao na kuwa na cheti. Maafisa wa afya hupita kukagua. Lakini afisa wa afya hawezi kukaa kwenye kila benchi. Macho yako ndiyo afisa wa afya wa kwanza.

Jambo jingine. Ukitaka kumpelekea mgonjwa chakula wodini, njoo na bakuli lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata bila marufuku hiyo, chakula cha moto hakifai kutiwa ndani yake.

Sahani ya 41

Tumezungumza juu ya mlaji. Tumtazame sasa na mpishi. Wengi tunadhani mama ntilie anapata faida kubwa. Tunasema, "Mchele kidogo hivi kwa shilingi 2,000!" Mama mmoja wa Tandika alikubali kukaa nasi na kutuonyesha hesabu yake ya siku moja. Tunaiandika hapa kama alivyotupa.

Mchele kilo 10: 28,000
Maharage kilo 4: 12,000
Nazi 6: 6,000
Mafuta, vitunguu, nyanya, chumvi: 8,000
Mchicha: 5,000
Mkaa: 6,000
Maji: 2,000
Msaidizi: 10,000
Mahali na taka: 3,000

Jumla ni shilingi 80,000.

Kilo 10 za mchele humpa sahani 60. Kila sahani ni shilingi 2,000. Akiuza zote 60 anapata shilingi 120,000. Faida yake ni shilingi 40,000. Ni fedha nzuri, au siyo?

Lakini hebu hesabuni tena. Akiuza sahani 40 tu, anapata shilingi 80,000. Hizo ndizo alizotumia. Faida ni sifuri. Ameamka saa tisa usiku, amesimama kwenye moto mpaka jioni, hana hata shilingi moja yake. Maana yake nini? Maana yake sahani 40 za kwanza si zake. Ni za mwenye mchele, mwenye mkaa, mwenye maji na msaidizi. Sahani ya 41 ndiyo ya kwanza kuwa yake. Ada ya mtoto wake, kodi ya chumba na dawa akiugua, vyote viko baada ya sahani ya 41.

Tulimwuliza, "Mama, ni siku ngapi katika wiki unafika 60?" Akasema, "Jumatatu na Ijumaa. Mvua ikinyesha sifiki 40." Kisha akatuonyesha daftari. Humo mna majina ya watu waliokula kwa mkopo. Fundi mmoja amekula siku kumi, halafu kazi ya ujenzi imekwisha, amehama. Siku kumi ni shilingi 20,000. Ili kuzirudisha kwa faida yake, mama huyo lazima auze sahani 10 nzima juu ya zile 40. Fundi yule labda hakudhani ameiba. Alidhani amekopa kidogo tu. Lakini kukopa harusi, kulipa matanga.

Mama huyo hakuwa na daftari zamani. Alikuwa anaweka madeni kichwani, na watu walimbishia. Alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, kama ninyi. Siku hizi mtu akibisha, anafungua ukurasa. "Daftari halina hasira," alituambia. "Linasema tu."

Basi tunawaomba jambo moja, ndugu wasomaji. Mkiwa kwa mama ntilie, lipeni. Msivutane naye juu ya shilingi 200 kana kwamba mnanunua ng'ombe mnadani. Kama hela yako ni ndogo, sema kwa adabu: "Mama, nina 1,500, nitilie inayolingana." Wengi watakupimia kidogo na hutakosa. Huko si kuomba. Ni kusema kweli. Pia mwite kwa heshima. Kama ni mkubwa, mwamkie. Kama ni mdogo, mwite dada au binti yangu. Kupiga mluzi au kugonga meza si tabia ya mtu aliyelelewa.

Mchele ule ni wetu

Sasa turudi shambani. Mchele ule wa Mwananyamala umetoka wapi? Haukulimwa Mwananyamala. Umetoka Kyela, Kilombero, Mbarali au Shinyanga. Maharage yametoka Mbeya au Kigoma. Dagaa wametoka Ziwa Viktoria au Ziwa Tanganyika. Nyanya zimetoka Ilula, mboga nyingine zimetoka Lushoto, nazi zimetoka Mkuranga na Rufiji. Mkulima anayeingia kwenye kibanda kile na kusema, "Mimi mtu wa shamba, hapa si mahali pangu," amekosea. Amekaa mbele ya jasho lake mwenyewe. Kama kuna mtu mwenye haki ya kukaa kwenye benchi lile kwa raha, ni yeye.

Tena kuna la kujifunza. Mama wa Tandika alituambia kwamba maharage yenye mawe humpotezea saa nzima ya kuchagua, na mteja akitafuna jiwe moja harudi tena. Mchele uliochanganywa, mpya na wa zamani, huiva vibaya, nusu bokoboko nusu kiini. Kwa hiyo akipata mahali penye maharage safi, yuko tayari kuongeza bei kidogo. Je, kikundi chetu cha wakulima hakiwezi kuchagua mawe huku huku kijijini, kikauza maharage safi, kikaandika jina la kijiji kwenye gunia? Safari nyingine ukienda Tandale, usimwulize dalali peke yake maharage gani yanatakiwa. Kaa, agiza sahani, umwulize anayepika. Atakwambia kweli, maana yeye ndiye anayejua mlaji anasema nini.

Na neno la mwisho ni kwa wale wanaofikia kwa ndugu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna jembe. Ndugu yako wa Mbagala ana chumba kimoja na watoto wanne, na unga wake amepima. Ukila mchana kwa mama ntilie kwa hela yako, na jioni ukarudi na mafungu mawili ya dagaa, utakuwa umeshika jembe lako. Atakukaribisha tena mwakani.

Tukusanye basi tuliyosema. Usishinde na njaa mjini kwa kuogopa bei, piga hesabu. Usile popote, angalia mambo matano. Soma ubao au uliza. Kula sahani yenye vyakula vyote vitatu. Lipa, na umheshimu aliyekupikia. Halafu kaa kidogo kwenye benchi, uzungumze na watu, ufurahie chakula chako. Umekifanyia kazi.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Nani kati yetu amekwenda Dar es Salaam mwaka huu? Alikula wapi, na alitumia fedha kiasi gani kwa siku?

2. Tumia bei za ubao wa Mwananyamala. Watu wawili wanakaa mjini siku 4. Wanahitaji shilingi ngapi za chakula?

3. Mama wa Tandika ameuza sahani 52, lakini watu 6 kati ya hao wamekopa. Amebaki na faida ya shilingi ngapi mkononi?

4. Katika kijiji chetu, siku ya mnada au gulio, wauza chakula wananawisha wateja kwa maji gani? Tunaweza kufanya nini pamoja nao?

5. Mazao yetu yanapofika mjini, anayeyapika anayasifu au anayalaumu? Tutajuaje?